Msindikizaji wa Lazima

Jumatatu, 2 Juni. Mafinga.

Ukungu mpaka kizingitini. Binti yetu Mercy amepiga simu kutoka Ulaya. Ana mimba ya miezi saba! Mjukuu wetu wa kwanza! Mama yake, Verediana, amepiga vigelegele mpaka majirani wamekuja kuuliza nani kaolewa. Mimi nimejizuia. Bwana misitu mstaafu halii mbele ya watu. Nimelilia stoo.

Kisha habari ya pili. Mercy anamwita mama yake aende akamsaidie wakati wa kujifungua na kuogesha mtoto. Miezi mitatu. Barua ya mwaliko inakuja. (Jina la nchi siliandiki. Shajara hii ikiibwa, wajanja wote wa Mafinga watafurika huko.) Nikaomba simu. Nikauliza, kwa upole kabisa, barua yangu mimi iko wapi.

Mercy akasema, “Baba, ukija na wewe nitakuwa na watoto wawili wa kulisha.” Akacheka. Mumewe Seni naye nikamsikia akicheka kwa nyuma.

Sikucheka. Nimetoka kukagua kuku.

Suala ni jina. Babu atakayekuwepo mtoto akizaliwa ndiye atakayetoa jina, hilo liko wazi. Na babu wa pili ni Masunga, baba yake Seni, mfugaji wa Usangu, upande wa Madibira. Mtu ana ng'ombe wengi, na maneno mengi kuliko ng'ombe. Kwenye harusi alihutubia kuliko mchungaji. Huyo akitangulia, mjukuu wangu ataitwa jina la fahali.

Mtoto ataitwa Bartholomeo, kama babu yake. Akiwa wa kike, tutaangalia.

Nimemwambia Verediana kuwa Mercy amebadili mawazo, na mimi nimealikwa. Ameniangalia. Akasema sawa. “Sawa” ya Verediana haijawahi kuwa sawa.

Alhamisi, 5 Juni. Mbeya.

Nchi yenyewe haina ubalozi hapa kwetu. Sisi tunahudumiwa na ubalozi wao mdogo ulioko Lusaka. Yaani Mtanzania aende kwanza Zambia kuuliza kama anaruhusiwa kwenda Ulaya! Nimelalamika kwa sauti pale kwa Mehjabeen, mwenye duka la stationery Uhindini anayejazia watu fomu za viza mtandaoni. Amesema nipunguze sauti, mtandao wenyewe ni wa kubembeleza.

Dada huyu ni mkali. Amemaliza ya Verediana haraka: mwaliko upo, binti yupo, sababu ipo. Yangu ikamshinda. Akauliza naenda kufanya nini. Nikasema mimi ni mume. Akasema kuwa mume si kazi.

Nikawaza mpaka chai ikapoa.

Wazo! Mgonjwa hasafiri peke yake! Nikamsomea Mehjabeen barua ya daktari, aitafsiri kwa Kiingereza. Mgonjwa Verediana ana presha, ana kizunguzungu, anapoteza kumbukumbu. Bila mumewe hawezi kutambua njia ya nyumbani. Kwa hiyo mumewe ni msindikizaji wa lazima.

Mehjabeen akanitazama juu ya miwani. Akauliza daktari yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Akasema, “Mzee, mimi nachapa unachosema. Dhambi ni yako, wino ndio wangu.”

Ameandika “msindikizaji wa lazima” kwa Kiingereza. Maneno mazuri. Nimemwomba ayakoleze wino.

Jumamosi, 7 Juni. Igowole.

Nimekuja kwa Ezekiel kutafuta muhuri. Ezekiel ana duka la dawa za mifugo. Anavaa koti jeupe, jambo ambalo ni nusu ya udaktari. Hakutaka. Nikamkumbusha ni nani aliyefumbia macho zile mbao zake za msituni enzi zangu. Akaenda kuwahudumia wateja wa chanjo ya kuku, muhuri akauacha juu ya meza.

Nimeugonga kwa kuulaza upande, ili neno “Dawa” lionekane vizuri na “za Mifugo” lififie. Kazi safi. Wazungu hawasomi Kiswahili.

Jumanne, 10 Juni. Mafinga.

Balaa. Masunga amepiga simu, salamu kwa Kisukuma chake. “Mwangaluka, mkwe!” Sauti yake hata bila simu ingefika. Seni amemwandikia mwaliko! Naye ana miadi Lusaka, siku ileile yetu! Anakwenda kumpokea mjukuu “kwa niaba ya ukoo”. Ukoo upi? Na sisi ni akina nani, wapita njia?

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Masunga akasema mimi ni msomi, mtu wa serikali, nimweleze ubalozi wanataka karatasi gani. Nikashusha pumzi. Nikamwambia, kwa huruma, kwamba mfugaji ana masharti yake. Lazima awe na cheti cha ng'ombe wote. Idadi, chanjo, muhuri wa bwana mifugo, muhuri wa mtendaji wa kijiji, muhuri wa mtendaji wa kata. Na picha ya kundi zima, yeye akiwa katikati.

Cheti cha namna hiyo hakipo duniani! Na mtendaji wa kata yao anajulikana mkoa mzima kwa kutopatikana. Masunga akashukuru sana. Akasema bila mimi angeumbuka.

Jioni nimekula vizuri. Verediana ameuliza kwa nini naimba.

Jumamosi, 14 Juni. Tunduma.

Tumefika mpakani. Malori mpaka jicho linachoka. Na nani amekaa juu ya sanduku lake karibu na basi la Lusaka, kofia kichwani, faili kifuani? Masunga!

Cheti anacho. Mihuri mitatu. Eti Masunga alipoona mtendaji wa kata hapatikani, alipeleka kundi zima mbele ya nyumba yake “kwa ajili ya picha”, na likabaki pale likila bustani mpaka mtu akatoka. Ameniambia hayo akinishika mkono. Akasema mimi ni ndugu wa kweli.

Verediana amecheka mpaka akajifuta macho na kitenge. Hajawahi kucheka hivyo kwa jambo langu lolote, isipokuwa yale ambayo sikukusudia.

Ndani ya basi Masunga amempa Verediana kiti chake cha dirishani, wakakaa pamoja mbele. Mimi nimekaa nyuma, juu ya gurudumu. Nimefanya mazoezi ya sentensi yangu ya Kiingereza njia nzima. Abiria wa pembeni amehama.

Jumapili, 15 Juni. Lusaka.

Nyumba ya wageni imebakiza vyumba viwili. Verediana amechukua kimoja, akafunga mlango. Mimi na Masunga kitanda kimoja. Analala kama anavyohutubia.

Chakula: ugali wao na dagaa. Masunga ameongeza mara mbili, akamsifu mpishi, akaletewa ya tatu bure. Mimi nimeagiza wali ili nionekane mtu aliyetembea. Wali ulikuwa wa jana.

Jumatatu, 16 Juni. Lusaka.

Siku yenyewe. Nimevaa suti ya harusi ya Mercy. Kifungo kimoja kimegoma, nimekisamehe.

Ubalozi ni nyumba yenye ukuta mrefu, na mlinzi anayekusalimu huku akikupekua kwa macho. Ndani kuna viti vya chuma na dirisha la kioo. Pembeni yetu, mezani, alikaa dada wa mapokezi. Kwenye kifua chake: Blessing. Akatuambia kwa Kiingereza tusubiri. Vizuri sana. Mzambia. Kiswahili hajui. Tungeweza kupanga mambo yetu waziwazi.

Nikamweleza Verediana kuwa akifika dirishani ayumbeyumbe kidogo na kushika paji la uso. Akauliza kwa nini. Nikasema ndiyo adabu ya huku. Nikamwomba pia asishtuke akisikia habari za ugonjwa. Akauliza ugonjwa wa nani. Nikasema wa jumla.

Blessing alikuwa anapanga karatasi, anatabasamu. Nikadhani ndivyo alivyoumbwa.

Masunga akaitwa kwanza. Kiingereza chake ni “good morning”, nacho kilishaisha mlangoni. Nikajiandaa kumhurumia. Afisa mzungu mwenye ndevu nyekundu akauliza swali. Na hapo Blessing akainuka, akasimama kando ya kioo, akamtafsiria Masunga. Kwa Kiswahili! Kiswahili kilichonyooka! “Mzee, anauliza utarudi kwenu?”

Kumbe amezaliwa Nakonde, hapo ng'ambo tu ya Tunduma. Nikaanza kukumbuka kila neno nililosema tangu tukae.

Masunga akatoa cheti. Cheti changu! Akaweka picha juu yake, yeye katikati ya msitu wa pembe. Akaanza kuwatambulisha ng'ombe mmojammoja. Huyu mkorofi. Huyu hakubali kukamuliwa na mtu mwingine. Huyu atazaa nikiwa huko, na roho yangu itakuwa hapa. Blessing akatafsiri nusu, akachoka, akabaki anacheka. Mzungu akachukua picha akamwita mwenzake aje aone. Nimesikia kwa masikio yangu akisema hajawahi kukutana na mtu mwenye sababu nyingi hivi za kurudi kwao.

Sababu hizo nimezibuni mimi! Mimi!

Tukaitwa sisi. Mzungu akauliza nakwenda kufanya nini. Nikaitoa sentensi yangu yote, bila kukosea, kwamba mimi ni msindikizaji wa lazima wa mgonjwa. Akaomba barua. Akaisoma. Akampa Blessing. Blessing akaiinua kwenye mwanga, akaugeuza ule muhuri huku na huku.

“Mama,” akamwambia Verediana, “wewe unatibiwa duka la dawa za mifugo?”

Verediana akauliza anatibiwa nini. Blessing akamsomea. Presha. Kizunguzungu. Kupoteza kumbukumbu. Njia ya nyumbani hadi aonyeshwe na mumewe.

Hakuyumba. Ningefurahi angeyumba.

“Kumbukumbu?” akasema. “Mimi? Dada yangu, hebu muulize huyu tulifunga ndoa mwezi gani.”

Blessing akaniuliza. Swali la mtego. Nikasema Agosti.

“Novemba,” Verediana akasema. “Na mvua ilinyesha. Na alichelewa kanisani.”

Mzungu hakucheka. Alifunga mafaili yote mawili, akayaweka pembeni, moja juu ya jingine. Blessing akatafsiri taratibu, na tabasamu lilishaondoka: kuna hati ya uongo katika maombi ya familia hii, na hati hiyo inamhusu mama. Inawezekana wote wawili wakanyimwa.

Nilitegemea Verediana anifokee. Hakunifokea. Alirudi kwenye kiti cha chuma, akafungua mkoba, akatoa kanga alizomnunulia mtoto. Akazikunja upya, moja baada ya nyingine, kama mtu anayezirudisha dukani. Hakuniangalia. Afadhali angenipiga na mkoba.

Masunga akarudi dirishani, kofia mkononi. Akasema viza yake waifute, huyu mama aende. “Mtoto hahitaji babu. Anahitaji mtu wa kumwogesha. Mimi hata ndama nawashika vibaya.” Mzungu akajibu kuwa viza si ng'ombe, haibadilishwi. Lakini alisema polepole. Nikaona kuwa neno la Masunga limemgusa. Masunga ana bahati ya kusema mambo kabla yangu.

“Baba Mercy,” Verediana akasema, macho yake bado kwenye kanga. “Nenda kaseme.”

Nimekwenda. Nimesema. Barua ni yangu, muhuri nimeugonga mimi, huyu mama hajui hata herufi moja iliyomo. Blessing aliandika yote, akanipa kalamu nikasaini. Mzungu akasema basi, mama akapimwe kesho na daktari wa watu, matokeo yaje kwake.

Iwekwe wazi hapa, kwa ajili ya vizazi: nimejitoa mhanga kwa familia yangu. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumanne, 17 Juni. Lusaka.

Hospitali. Verediana amepanda ngazi mpaka ghorofa ya juu bila kushika ukuta. Daktari amesema ana moyo wa msichana. Ameandika barua, ameigonga muhuri ulionyooka.

Kwa kuwa nilikuwa pale, nesi akanipima na mimi. Presha juu. Nisile chumvi, nisibebe mawazo mengi.

Verediana akauliza kama na hilo nitalitengenezea barua. Ni neno lake la kwanza kwangu tangu jana.

Ijumaa, 4 Julai. Mafinga.

Majibu! Mehjabeen amepiga simu kutoka Mbeya, pasipoti zimefika kwake. Verediana amepewa. Masunga amepewa.

Mimi sikupewa. Kuna karatasi, Mehjabeen amenisomea kwa sauti, na dukani palikuwa na watu, nimewasikia wakinyamaza. Sababu ya kwanza: hawajaridhika kwamba nitarudi. Yaani nitoroke! Mwanamume mwenye goti kama langu atorokee wapi? Sababu ya pili: maelezo yangu hayaaminiki. Kwa Kiingereza neno hilo linasikika vibaya zaidi.

Mercy amejua yote. Blessing alimpigia kuhakikisha mwaliko. Sasa akipiga anaomba kuongea na mama. Nikipokea mimi, anasema, “Shikamoo, baba. Mama yupo?” Kati ya hayo mawili hakuna kitu.

Jumapili, 20 Julai. Mbeya.

Uwanja wa ndege wa Songwe. Baridi na upepo. Nimewasindikiza. Ndiyo, nimesindikiza, na sikuhitaji barua.

Masunga kavaa koti la mtumba linalofika kwenye viatu. Amewahutubia abiria wote waliokuwa foleni juu ya umuhimu wa wakwe kupendana. Wengine wamepiga makofi. Kisha amenikumbatia, akanukia maziwa, akasema atanifikisha huko moyoni mwake. Nimemwambia asijisumbue.

Nikampenyezea Verediana kikaratasi. Nimeandika “Bartholomeo” kwa herufi kubwa, ampe Mercy akishajifungua, akiwa bado mchovu na hana nguvu za kubisha. Amekisoma, amekikunja, amenirudishia mfukoni mwa shati, akakipigapiga mara moja pale kifuani.

“Kuku wapewe maji asubuhi,” akasema. “Na wewe upunguze chumvi.”

Halafu, alipofika mlangoni, akageuka akanipungia. Kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nimebaki pale mpaka ndege ikawa nukta. Upepo wa Songwe unatoa machozi, kila mtu anajua.

Jumatano, 13 Agosti. Mafinga.

Amezaliwa! Wa kike! Mzima! Mama mzima! Verediana amenionyesha kwa simu. Mtoto amefanana na mimi pua. Verediana anasema pua haijakaa vizuri bado.

Nikauliza jina, kwa sauti ya mtu asiyejali. Hapo nikapata habari tamu kuliko zote za mwaka huu. Masunga aliingia wodini na hotuba yake, mtoto aitwe Nyamizi, akaeleza ukoo kuanzia babu wa babu. Manesi wakamtoa nje! Kwa mkono! Amekaa kwenye benchi la korido na lile koti lake.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikauliza tena jina.

Mercy akachukua simu mwenyewe. Ameonekana amechoka, amependeza. Amesema, “Anaitwa Verediana, baba.” Nikasema ni jina zuri. Akasema, “Najua.” Akamgeuza mtoto nimwone vizuri, akaacha simu hapo muda mrefu, wala hakuniuliza kama mama yupo.

Kuku leo wamechelewa kupewa maji.

Alhamisi, 21 Agosti. Mafinga.

Ubatizo ni Desemba. Mercy amesema watanirushia kwa video. Video! Babu mzazi, aone ubatizo kama mpira wa miguu!

Nimekaa nimetafakari kwa kina, kama mtu mzima. Nimejiuliza ni wapi nilikosea Lusaka. Si barua. Barua ilikuwa nzuri. Si muhuri pia, ni yule dada kuinua karatasi kwenye mwanga. Kosa waliliandika wenyewe: siaminiki. Basi! Mtu akiambiwa kasoro yake, airekebishe.

Je, nani anaaminika? Nimeulizauliza. Padre wa parokia ya jirani aliomba viza ya hija, akapewa hata kiti hajakaa. Hawakumuuliza atarudi lini. Hawakumuuliza mwezi aliofunga ndoa, maana hana.

Lusaka sirudi, wananijua. Lakini Malawi hapo, Lilongwe, nasikia kuna ubalozi wa nchi nyingine inayopakana na ile ya Mercy. Na ukishaingia huko, inasemekana kuvuka ya pili ni kama kutoka Mafinga kwenda Igowole. Kasumulu mpakani hawanijui kabisa.

Leo nimekwenda kwa Yunisi, fundi cherehani wa sokoni, kupimwa joho. Jeupe, la kufika miguuni. Kola nimeagiza mbili, moja ya akiba. Yunisi amenizungushia tepu tumboni, akauliza mimi ni mchungaji wa dhehebu gani.

Nimemwambia achague yeye, mradi liwe linalopata viza haraka.